Muundi wa Fundi Viatu

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili nimepewa na mdogo wangu, kitinda mimba wetu, ambaye ni mwalimu wa hesabu na hawezi kuona mtu anafanya jambo bila kuliandika. "Dada, kila ukikimbia, andika. Siku ukikata tamaa utasoma ulikotoka." Nikamwambia mimi ni fundi viatu, si karani. Akanitazama vile anavyowatazama watoto wasiofanya kazi ya nyumbani. Haya, naandika.

Jambo lenyewe ni hili. Mwaka jana wote Kitinda alikuwa mgonjwa. Walimkata uvimbe, wakamtibu miezi na miezi, nywele zikanyonyoka, kucha zikawa nyeusi. Mwezi wa kwanza mwaka huu daktari akamwambia amepona, aishi, atembee, hata akimbie akitaka. Mtu mwingine angeshukuru Mungu akaenda kulala. Yeye amejiandikisha kwenye mbio za mji, zile za kilomita tano zinazofanyika mvua zikiisha. Kisha akanishika mkono na sauti yake ikabadilika. "Sikimbii peke yangu, Dada. Huu mwili ulishanisaliti mara moja. Nikianguka barabarani nani ataniokota?"

Nikasema mimi. Nani mwingine?

Kwa hiyo nina miaka arobaini na minne, sijakimbia tangu siku mbwa wa jirani aliponikimbiza, na nitamaliza mbio hizo bega kwa bega na mdogo wangu. Sina wasiwasi hata chembe. Watu wengine huhangaika na viatu. Mimi viatu nashona.

Jumatano, 5 Machi

Nimekimbia! Kutoka mlangoni hadi kwenye tangi la maji na kurudi. Mume wangu, ambaye zoezi lake pekee ni kugeuza mto upande wa baridi, aliuliza kama tumevamiwa.

Ijumaa, 7 Machi

Niviandike viatu vizuri, maana ninajivunia. Ni jozi mbili, yangu na ya Kitinda. Ya kwake niliianza hospitalini kando ya kitanda chake, siku zile dawa inadondoka kwenye mpira na hakuna mtu mwenye la kusema. Juu ni ngozi laini, imeshonwa mara mbili kwa uzi wa nta. Chini ni soli ya mpira mgumu, ina gundi, ina uzi, na kisiginoni ina misumari midogo. Ukijaribu kuikunja, inakukunja wewe.

Vinabana kidogo, hilo nakiri. Lakini Baba ana sheria yake. Baba ndiye aliyenifundisha kazi hii, na ingawa macho yamemchoka bado anakuja karakana kila siku, anakaa pembeni, ananikosoa. Sheria yake ni kwamba kiatu kizuri siku ya kwanza lazima kibane, kwa sababu ngozi itaufuata mguu. Kiatu kinachokukaribisha haraka kitakutupa haraka. Leo alivipokea, akavigongagonga kwa kidole, akavinusa, akasema, "Hivi vitatuzika sote." Kwa Baba hakuna sifa inayoipita hiyo.

Nimeandika kwa chaki kwenye ubao wa mlangoni: VIATU VYA MBIO VINASHONWA HAPA.

Jumapili, 9 Machi

Tumekimbia pamoja, mimi na Kitinda. Tumepanga iwe hivi kila Jumapili. Siku za kazi kila mtu na njia yake, mimi asubuhi kabla ya kufungua karakana, yeye jioni kwenye uwanja wa shule yao watoto wakishaondoka.

"Viatu vikoje?" nikamuuliza.

Akafikiri kidogo. "Vina heshima zao, Dada."

Nilifurahi mpaka nikakimbia kipande cha mwisho peke yangu kwa kasi, nikamwacha. Alinikuta nimekaa kwenye jiwe, nahema.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua ya kwanza. Nimekimbia ndani yake. Mguu wa kulia umeuma kidogo mbele, kwenye muundi, ule mfupa mrefu kutoka goti kwenda kifundo. Si kitu. Ngozi inatafuta mguu.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Nimefika hadi sokoni na kurudi bila kusimama. Muundi umeuma. Si kitu.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Nimekimbia. Si kitu.

Jumapili, 23 Machi

Na Kitinda. Leo nilisimama kufunga kamba za viatu mara nyingi kuliko mtoto wa darasa la kwanza. Ukweli ni kwamba nilikuwa naupa mguu nafasi. Kitinda alikuwa anatangulia, anageuka, ananirudia, anauliza kama niko sawa. Mimi! Mimi ndiye niliyembeba mwaka jana kutoka kitandani hadi bafuni. Nikamwambia kamba hizi ni mpya, zinateleza.

Lakini Mungu ni mkubwa. Uso wake umerudi kuwa uso. Anapocheka sasa unaona meno yote.

Alhamisi, 27 Machi

Asubuhi nikishuka kitandani, hatua za kwanza ni kama mtu anapitisha patasi juu ya mfupa. Nikishazunguka jikoni kidogo inapoa. Nimemwambia mume wangu ni baridi ya mvua.

"Baridi gani hiyo inachagua mguu mmoja?" akauliza.

Nikamwambia afunge mdomo anywe chai yake.

Jumanne, 1 Aprili

Ubao umejibu! Fundi bomba wa mtaa wa pili amekuja kuagiza jozi. Ni mwanamume mnene, amechoka na kitambi, anataka kuanza kukimbia. Nilipomwambia mimi mwenyewe navivaa, akaamini hapo hapo. Nimempima mguu, nikampunguzia kidogo ili vibane inavyotakiwa. Baba alitikisa kichwa kwa kuridhika pale pembeni.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimegundua siri. Mguu unauma mwanzoni, halafu ukipata moto unanyamaza. Maana yake dawa ni kukimbia zaidi. Leo nimekwenda mara mbili ya kawaida, na mlima wa nyuma ya kiwanda cha sabuni nimeupanda kwa kasi. Haukuuma hata kidogo. Maumivu ni kama mteja msumbufu, ukimnyamazia anaondoka.

Jumapili, 6 Aprili

Mteja hajaondoka. Amerudi na ndugu zake. Sasa ni miguu yote miwili. Nimemtumia Kitinda ujumbe kwamba leo nina kazi nyingi karakana, akimbie bila mimi. Kuna Jumapili gani karakana ina kazi nyingi?

Jumatano, 9 Aprili

Mvua kubwa, paa linavuja juu ya meza ya gundi. Nimekimbia. Si

Sitaki kuandika.

Jumapili, 13 Aprili

Leo nimepata hofu ambayo sikutegemea kuipata tena maishani.

Nilikwenda kwa Kitinda tukimbie. Viatu vyake, vile nilivyomshonea, vilikuwa kibarazani, ubavu ubavu, ngozi imeloa manyunyu. Alikuwa bado anavaa ndani. Nikavichukua nivifute, na kama kawaida ya mkono wangu nikavigeuza. Fundi viatu hawezi kushika kiatu bila kutazama soli. Huko chini ndiko mtu anakoandika maisha yake. Nikikuona soli nitakwambia unaburuta mguu gani, unakaa kutwa au unasimama kutwa.

Soli ya Kitinda ilikuwa karibu mpya. Misumari ya kisiginoni haijang'aa hata. Nimeshona soli hizo mwenyewe na najua zinavyolika, yangu upande wa nje umeshaanza kuisha. Yeye anasema anakimbia jioni tatu kwa wiki uwanjani, na Jumapili na mimi. Soli ile ni ya mtu anayekimbia Jumapili tu.

Kwa hiyo ananidanganya. Hakimbii. Na kwa nini mtu aliyetoka kwenye ugonjwa kama ule aseme anakimbia wakati hakimbii? Nilikumbuka mwaka juzi, alivyokuwa anasema "nimechoka tu, ni kazi ya shule", wiki baada ya wiki, na uvimbe ulikuwa unakua wakati sote tunamwamini. Nilikaa pale kibarazani na kiatu mkononi.

Akatoka, amevaa soksi mbili mbili, akacheka. "Unakagua?"

"Navifuta," nikasema.

Tukakimbia. Sikumuuliza. Mtu mwenye mdomo kama wangu, sikumuuliza! Nilikuwa naogopa jibu. Nilimtazama tu anavyohema, anavyoweka mkono kiunoni, kila kitu nikakiona ni dalili. Miguu yangu ilikuwa inawaka moto, na kwa mara ya kwanza sikuijali kweli.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimegundisha kisigino cha mteja mmoja kwenye kiatu cha mteja mwingine. Baba aliona kabla yangu, yeye asiyeona.

Jumanne, 15 Aprili

Leo nilifunga karakana mapema, nikachukua mwavuli, nikaenda hadi shuleni kwao. Nilijiambia nikimkuta ofisini anasahihisha madaftari, nitamshika mkono tuende hospitali hiyo hiyo saa, apende asipende.

Mvua ilikuwa imekatika. Watoto walikuwa wameshaondoka na uwanja ulikuwa na madimbwi. Nikasimama nyuma ya ukuta wa vyoo, mahali pasipo na hadhi kabisa kwa mtu wa umri wangu, nikachungulia.

Alikuwa anakimbia. Namwandika hivyo kwa sababu sijui kuandika zaidi. Kitinda wetu alikuwa anazunguka uwanja kwa hatua fupi fupi nyepesi, kichwa juu, anaruka madimbwi, na midomo inacheza, nadhani alikuwa anahesabu. Machozi yalinitoka. Nilishukuru Mungu kwa sauti pale nyuma ya vyoo.

Halafu nikaona miguuni. Raba za dukani. Za kitambaa! Rangi ya chungwa!

Shukrani zikakauka mdomoni. Nikatoka nyuma ya ukuta na mwavuli wangu.

"Kitinda!"

Akasimama kama aliyemwagiwa maji. Akatazama miguu yake, akanitazama mimi, akajaribu kuficha mguu mmoja nyuma ya mwingine. Mwalimu mzima.

"Nilidhani unaumwa!" nikampigia kelele. "Nimeona soli zako. Siku mbili sijala vizuri. Nimekuzika, nimekuzikua, kumbe uko hapa unaruka na matambara ya dukani!"

"Dada, samahani. Dada, ngoja."

"Viatu vyangu vina nini?"

Akaanza kucheka, kile kicheko cha mtu aliyebanwa, na kicheko kikageuka kilio. Tukakaa kwenye ngazi za darasa. Akavua soksi akanionyesha kucha ya kidole gumba. Ilikuwa nyeusi. Nilishtuka, zile kucha nazijua, lakini akawahi kunishika. "Hapana, si dawa. Ni viatu vyako. Jumapili ya kwanza tu. Vinabana, Dada. Na ni vizito kama kinu. Wiki ile ile nikaenda dukani."

"Na Jumapili unavivaa."

"Jumapili navaa soksi mbili na naomba Mungu."

"Kwa nini hukusema, mdogo wangu?"

"Ningesemaje? Ulinishonea kando ya kitanda changu. Nilikuwa naamka usiku nakuona unavuta uzi. Nikajua kama unanishonea viatu basi unaamini nitasimama. Sasa niseme vinaniumiza?"

Akafuta machozi kwa mgongo wa mkono, akageuka kuwa mwalimu tena.

"Na wewe je?"

"Mimi nini?"

"Unachechemea tangu mwezi uliopita. Unafunga kamba ambazo hazijafunguka. Unadhani mimi ni kipofu? Nilikuwa nasubiri useme. Mficha maradhi kilio humfichua, Dada, na katika familia hii mimi ndiye ninayejua hesabu hiyo vizuri."

Akabonyeza muundi wangu kwa kidole gumba, pale pale ngazini. Nilipiga yowe mlinzi akatoka kwenye kibanda chake.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimekwenda kwa mtaalamu wa viungo hospitalini, Kitinda kanisindikiza ili nisitoroke. Mtaalamu ni mama mfupi mwenye mikono ya nguvu na sauti ya taratibu. Alinibonyeza mfupa wote kutoka juu hadi chini, akauliza panauma hapa pekee au njia nzima. Nikasema njia nzima, upande wa ndani. Akasema hiyo ni afadhali. Ingekuwa inauma sehemu moja tu kama sindano, hata ukiwa umelala, angekimbilia kupiga picha kutafuta ufa. Huu wangu bado ni mfupa uliolemewa. "Lakini ukiendelea na kiburi," akasema, "ufa utaupata."

Nikamwonyesha viatu. Nilikuwa nimevileta ili avione, kusema kweli avisifu. Alijaribu kukunja kimoja, kikakataa. Akatumia mikono miwili. Kikakataa.

"Nani amekutengenezea hiki?"

"Mimi," nikasema.

"Ni kazi nzuri sana," akasema, na nikaona ana adabu. "Kitadumu miaka mingapi?"

"Ishirini!"

"Na mguu wako je?"

Kitinda alitazama dirishani. Najua alikuwa anacheka, mabega yalimsaliti.

Mama yule hakuvilaumu viatu peke yake. Alisema kiatu ni nusu ya kesi, nusu ya pili ni mimi mwenyewe. Nilitoka kwenye kukaa kutwa kwenye kigoda nikaenda kupanda mlima kwa kasi, juu ya lami, bila kuupa mfupa nafasi ya kuzoea. Kila nilipoumia niliongeza. "Mfupa unajijenga wakati unapumzika," akasema. "Wewe ulikuwa unabomoa kila siku na kushangaa nyumba haipandi." Amenipiga marufuku kukimbia mpaka nitembee haraka bila maumivu. Barafu jioni. Kuinuka kwa vidole vya miguu, polepole, ili vigimbi vipate nguvu. Baadaye kukimbia kidogo na kutembea kidogo, hatua fupi, na maumivu yakirudi natembea, mazoezi ya siku hiyo yameisha.

"Na mbio za mwisho wa mwezi ujao?" nikauliza. "Nimemwahidi huyu. Lazima nimalize naye."

"Pengine utaweza, pengine hutaweza," akasema. "Mguu haujui ahadi."

Nimekasirika njia nzima. Sasa nimekaa, nimeweka barafu, na kuna jambo limenijia ambalo halitaki kuondoka. Miaka yote hii watu wananiletea viatu. Kimetoboka, kimeachia, kisigino kimelika. Nimekipima kila kiatu kwa namna kinavyodumu, na nikashona vya kudumu. Hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kuniletea mguu. Kinachoumia ndani sijawahi kuulizwa, na mimi sikuuliza.

Ijumaa, 18 Aprili

Nimempata fundi bomba kabla sijamaliza kushona. Nimemwambia siwezi kumpa vile viatu na kwa nini. Alinitazama, akasema, "Fundi, wewe ni mtu wa ajabu," akaniachia pampu yake ya maji niibadilishie kipande cha ngozi cha ndani, kazi ninayoijua. Ubao wa mlangoni nimeufuta kwa kitambaa chenye maji.

Jumatano, 23 Aprili

Mvua. Natembea. Vikongwe wananipita.

Jumapili, 27 Aprili

Nimekwenda na Kitinda, yeye anakimbia, mimi natembea nyuma na mwavuli. Anakwenda hadi nguzo ya umeme, anageuka, ananirudia, anakwenda tena. Nikamwambia asirudi, aende zake. Hakwenda. Anapofika mbali anageuza shingo kuangalia kama bado nipo.

Hukimbia tu mahali ninapomwona, au ndani ya uwanja wenye mlinzi. Leo ndio nimeliona hilo.

Jumamosi, 3 Mei

Muundi umenyamaza siku kadhaa. Mama wa viungo ameniruhusu kuanza kidogo kidogo, kwa sharti la viatu. Kwa hiyo leo mimi, binti wa fundi viatu, mjukuu wa fundi viatu, nimekaa kwenye benchi la duka la viatu nikapimwa mguu na mtu mwingine. Kinyozi hajinyoi, wahenga walijua.

Tulikwenda jioni kwa sababu mguu huvimba kutwa, na ukinunua asubuhi unanunua kiatu cha mguu ambao jioni hutakuwa nao. Hilo nilikuwa nalijua! Nalijua tangu nikiwa mdogo, Baba hupima wateja wake jioni. Mimi nilijipima asubuhi, kwa haraka, nikapunguza juu yake.

Muuzaji, dada mmoja mchangamfu aliyesuka nywele kwenda juu, alinipa jozi tatu. Ya kwanza ilikuwa nzuri mno kwa macho, nyekundu, na iligusa kidole. Nikasema italegea. Mdomo ulisema wenyewe, kwa sauti ya Baba.

"Hailegei, mama," akasema. "Hiki ukikivaa kikikuuma hapa dukani, kitakuuma mpaka kife. Kikufae sasa hivi au kiache."

Ya pili ilikuwa laini kupita kiasi, nilihisi nakanyaga godoro. Ya tatu ni ya kijivu, sura ya kawaida kabisa, hata ukiisahau stendi hakuna mwizi. Mbele ya kidole kirefu palibaki nafasi ya upana wa kidole gumba, kisigino hakichezi, na ilikunjika pale mguu unapokunjika. Nikatembea hadi mlangoni. Nikakimbia kidogo hadi kwenye kaunta, watu wakanitazama. Sikuhisi kitu. Nilisimama nikasubiri kuhisi kitu, nikakosa.

"Hivyo ndivyo inavyotakiwa," Kitinda akasema.

Jumatatu, 5 Mei

Baba amevishika. Alikaa navyo muda mrefu, akavikunja, akavipapasa kama mtu anayetafuta mfupa kwenye samaki. "Kitambaa," akasema. "Na sifongo. Hakuna mshono wa maana humu. Mwaka mmoja tu, kimekufa."

"Kife, Baba. Mimi nibaki."

Alikasirika, akasema nimeuza ukoo. Nikamwacha aseme. Zamani ningelumbana naye mpaka jioni, au ningekubali kila kitu ili anisifu. Leo nilimpenda tu na nikaendelea na kazi yangu. Alipokuwa anaondoka alisimama mlangoni, akauliza, bila kunitazama, kama Kitinda naye miguu ilimuuma na vile vyangu. Nikasema ndiyo. Akasema, "Hakuniambia mtu," akaenda zake. Nadhani ilimuuma.

Alhamisi, 8 Mei

Kimbia kidogo, tembea kidogo. Hakuna maumivu. Narudia: hakuna.

Jumanne, 13 Mei

Vivyo hivyo. Mvua imepungua, inanyesha kwa aibu.

Jumapili, 18 Mei

Na Kitinda. Tumekimbia muda mrefu kuliko kutembea. Mwishoni mguu wa kulia ulinong'ona. Nilisimama pale pale, nikasema kwa sauti, "Umeanza," nikatembea. Jioni hii hakuna kitu. Mtu angeniambia miezi miwili iliyopita kwamba kusimama ni ufundi, ningemcheka.

Jumamosi, 24 Mei

Kesho ndiyo kesho. Kitinda amekuja na namba zetu za kifuani, akazipanga mezani, akazipangua. Anaogopa. Alisema utani mwingi. "Usiniache, Dada." Nimemwambia nitaanguka mimi kabla yake, alale.

Jumapili, 25 Mei

Jua, hatimaye. Barabara ilikuwa bado na unyevu na watu walikuwa wengi mpaka nikasikia harufu ya dawa za kuchua za kila aina. Baba hakutaka kuja, akaja. Alikaa kwenye kiti chake mwisho wa mbio pamoja na mume wangu, aliyeshika chupa mbili za maji, yangu na ya Kitinda. Mimi na viatu vyangu vya kijivu, Kitinda na machungwa yake, tukajipanga nyuma kabisa.

Tulianza polepole, hatua fupi. Wote walitupita, tukawaacha watupite. Kitinda alikuwa kushotoni kwangu, bega linanigusa kila baada ya hatua chache, nahisi alikuwa anahakikisha nipo. Tulipita soko, tulipita kiwanda cha sabuni. Nilikuwa na nguvu, nilikuwa na pumzi, nilikuwa naona tutamaliza hivyo hivyo kama nilivyoahidi, na nilishaanza kutunga maneno ya kujisifu jioni.

Baada ya nusu ya njia muundi ukaanza. Kulia, upande wa ndani. Nilimaliza nguzo moja ya umeme nikiwa nimenyamaza. Ya pili nikasema.

"Kitinda. Umeanza."

Akapunguza mwendo papo hapo. "Basi tutembee. Tutembee wote."

Nikamtazama. Hakuwa na jasho la kutosha kulowesha leso. Mguu wake ulikuwa unacheza hata akitembea, unataka kwenda.

"Nenda," nikasema.

"Hatukukubaliana hivyo. Ulisema bega kwa bega."

"Nilisema ukianguka nitakuokota. Basi niambie wewe mwenyewe, mwalimu, usikie unavyosema. Utaanguka?"

Alitazama barabara mbele, ile sehemu ndefu iliyonyooka, hakuna ukuta, hakuna mlinzi, na mimi sitakuwepo. Nilitamani kusema njoo basi tutembee wote, neno lilikuwa mdomoni, nililishika kwa meno.

"Sianguki," akasema.

Akaondoka. Mwanzoni aligeuza shingo mara moja, nikampungia aende, hakugeuka tena. Nilibaki natembea katikati ya barabara, watu wananiuliza kama niko salama, na mimi nalia na kucheka na kumnyooshea kila mtu kidole, yule, yule wa viatu vya machungwa, yule ni mdogo wangu.

Nilipofika mwisho alikuwa ameshakaa chini miguuni pa Baba, miguu ameinyoosha, na alikuwa amekunywa maji yake na yangu.